Mwanga Unaojenga Taharuki: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi Wanaorekodi Filamu ya Usiku

Filamu nyingi za taharuki za wanafunzi huharibika mahali palepale. Sini ya usiku inafika, mtu anazima taa zote, simu inawashwa, na kinachotoka ni picha ya kijivu iliyojaa chengachenga. Sura haionekani, kivuli nacho hakionekani. Mtazamaji haogopi, anakodoa macho tu akijaribu kujua kuna nini.

Sababu ni kwamba kamera hailioni giza kama jicho linavyoliona. Ikikosa mwanga hujiongezea usikivu yenyewe, na weusi wote unageuka kijivu. Giza la filamu hutengenezwa kwa taa: unaangaza sehemu ndogo sawasawa, halafu unaiacha iliyobaki izame. Mtazamaji akishaona kitu kimoja vizuri, ndipo anaanza kuhofia asichokiona.

Tutatumia sini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Binti anarudi bwenini usiku. Mlango wa chumba chake uko wazi kidogo. Anaingia, na ndani ya chandarua cha kitanda cha mwenzake, ambaye amesafiri, kuna mtu ameketi.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla ya siku ya kurekodi. Karibu vyote vinapatikana duka la vifaa vya umeme na nyumbani.

- Simu au kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) na rangi ya mwanga. Kama programu ya simu yako haikuruhusu, ipo Blackmagic Camera, ya bure, kwa simu zinazoikubali.
- Stendi ya kamera. Usiku hakuna mjadala kuhusu hili.
- Balbu 2 za LED za mwanga wa manjano (kwenye boksi huandikwa 2700K au 3000K; K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) na 2 za mwanga mweupe (6500K), za wati 9 hadi 12.
- Holda 3 zenye waya mrefu na plagi, na ekstensheni iliyo nzima.
- Tochi 1 yenye mwanga mkali.
- Shuka jeupe na karatasi ya kuokea, za kulainisha mwanga.
- Vitambaa vyeusi vingi kadiri mtakavyopata. Baibui la zamani, blanketi jeusi, hata mapazia mazito.
- Maboksi matupu, mkasi, utepe wa gundi wa karatasi, vibanio vya nguo.

Tumieni balbu za LED. Zile taa kubwa za halojeni za mafundi ujenzi, za wati 500, huwaka moto wa kuunguza karatasi na kitambaa kwa muda mfupi, na mbili tatu kwenye ekstensheni moja ya bwenini ni kutafuta balaa.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni watu. Kundi la vijana wanaopitisha tochi madirishani saa nne usiku linaweza kuitiwa mwizi, na mnajua mwisho wa kelele hiyo. Mwambieni msimamizi wa bweni, majirani, na mkiwa mtaani, mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Fanyeni hivyo siku moja kabla, si usiku wenyewe.

## Hatua ya 1: Andika mwanga kwenye skripti

Kwa kila sini jibu maswali matatu: mwanga unatoka wapi, unamwangukia nani, na nini kinabaki gizani mpaka lini.

Swali la kwanza ndilo linalorukwa. Mtazamaji hajui chochote kuhusu taa, lakini mwanga usio na chanzo humfanya ahisi kuna uongo, na akishahisi uongo haogopi tena. Kwenye sini yetu vyanzo ni vitatu: taa ya korido, ya manjano, taa ya ulinzi iliyo nje ya dirisha, yenye weupe wa baridi, na simu mkononi mwa binti. Kila taa utakayowasha lazima ijifanye kuwa mojawapo ya hizo.

Umefaulu kama yeyote kwenye kikundi anaweza kuchora ramani ya chumba na kuonyesha kila taa iko wapi na inajifanya nini.

## Hatua ya 2: Kiue chumba

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na sababu ni kuta. Vyumba vya mabweni yetu hupakwa rangi nyeupe au ya krimu, na mara nyingi nusu ya chini ya ukuta ni rangi ya mafuta inayong'aa. Unawasha balbu moja ubavuni mwa mwigizaji, mwanga unagonga ukuta wa pili, unarudi, na upande uliotaka uwe gizani unaangazwa bure. Watu hubadilisha taa mara nne wakati tatizo ni ukuta.

Kwanza, ziba mwanga wa nje. Funika dirisha lisiloonekana kwenye picha, ziba mwanya wa chini ya mlango, zima taa ya dari.

Pili, tundika vitambaa vyeusi upande wa giza wa mwigizaji, karibu naye kadiri inavyowezekana, mradi visiingie kwenye fremu, yaani eneo ambalo kamera inaliona. Simama mahali pa kamera na utazame shavu lake wakati mwenzako anasogeza kitambaa: utaona upande ule ukizama mbele ya macho yako.

Tatu, mwondoe mwigizaji ukutani. Mita moja na nusu inatosha, mbili ni bora. Nguvu ya mwanga wa balbu hupungua haraka kadiri unavyoenda mbali nayo: ukizidisha umbali mara 2, inabaki robo, mara 3, inabaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta uko mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta utazama wenyewe. Mwigizaji akiegemea ukuta, uso na ukuta vitapata mwanga uleule na hutakuwa na giza lolote.

Rangi ya mafuta ina kero yake: huakisi balbu kama kioo na kuacha doa jeupe nyuma ya mwigizaji. Sogeza taa au kamera mpaka doa litoke kwenye fremu. Likikataa, banika kitambaa hapo.

Umefaulu kama, taa moja tu ikiwaka, kona za chumba hazionekani kwenye skrini.

## Hatua ya 3: Ifunge mipangilio ya kamera

Kamera ikiachwa ijipangie, kila mara binti anaposogea picha itapanda na kushuka mwanga, na kazi yote ya taa itafutika.

Weka fremu 25 kwa sekunde (hapa fremu ni picha moja moja zinazounda video) na shata 1/50 ya sekunde. Umeme wa gridi Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, maana yake balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ya 1/50 hukusanya mipepeso miwili kamili kwa kila fremu, hivyo picha inatulia. Kama simu yako ina fremu 30 tu, bado weka shata 1/50. Ukiona mistari ya kiza inatembea juu ya picha, huenda shata imeachwa kwenye 1/60.

ISO ianze 400. Kwa simu jaribu usivuke 800, maana chenga huanzia hapo. Picha ikiwa nyeusi mno, sogeza taa karibu badala ya kupandisha ISO.

Rangi ya mwanga iweke 4000K hadi 4300K na uifunge. Hapo balbu ya 2700K itaonekana ya rangi ya machungwa na ile ya 6500K itaonekana na ubluu wa usiku, zote kwenye picha moja, bila kuweka karatasi za rangi mbele ya taa.

Mwisho, funga fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, kwenye jicho la mwigizaji.

## Hatua ya 4: Taa kuu, na uso wa mwigizaji

Anza na taa moja, na uchukue muda mrefu hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Usiiweke upande wa kamera. Taa ya mbele huona kila kitu inachokiona kamera, hivyo hakuna kivuli, na uso unakuwa bapa kama wa picha ya pasipoti. Ipeleke ubavuni, halafu uisogeze mbali kidogo na kamera kupita mwigizaji, naye ageuzie uso kidogo upande wa taa, ili upande wa uso ulio mbali na kamera ndio uangazwe na ule ulio karibu uingie gizani. Ipandishe juu ya usawa wa macho. Zungusha polepole mpaka pembetatu ndogo ya mwanga ijitokeze chini ya jicho la upande wa giza. Hiyo ndiyo alama kwamba uso umepata umbo.

Ngozi nyeusi ina taratibu zake, na maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni hayakuandikwa kwa kuifikiria. Umbo la uso mweusi husomeka zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Balbu tupu hutoa vidoa vidogo vikali kwenye paji na pua. Chanzo kipana hutoa mstari mrefu wa mng'ao unaofuata mfupa wa shavu na taya, na mstari huo ndio unaobeba sura gizani. Kwa hiyo tundika shuka jeupe mbele ya balbu, nusu mita hivi kutoka kwenye balbu, na umsogeze mwigizaji karibu na shuka. Poda usimpake, maana inaua mng'ao. Mafuta kidogo ya kupaka, yakisambazwa vizuri, yatakusaidia kuliko balbu ya ziada.

Kosa la kawaida ni kuona uso haujitokezi na kupandisha mwanga wa picha nzima. Ukuta unapauka, giza linakufa, uso bado bapa. Badala yake weka balbu ndogo nyuma ya mwigizaji, juu, nje ya fremu, imguse nywele na bega. Mstari ule mwembamba utamtenganisha na giza lililo nyuma yake. Kama kuna waigizaji wawili wenye ngozi tofauti, yule mweupe zaidi akae mbali na taa.

Halafu angalia macho. Ile nukta ya mwanga kwenye mboni ndiyo inayomwambia mtazamaji huyu ni mtu, anafikiri, anaogopa. Binti wetu lazima awe nayo katika kila picha ya karibu. Mtu asiyejulikana mnyime: taa ikikaa juu kabisa ya kichwa chake, matundu ya macho yanajaa kivuli na hatusomi nia yake.

Taa ya chini ya kidevu, ile ya kutisha watoto, iacheni. Inakubalika pale tu chanzo kipo kweli, kama binti anaposoma ujumbe kwenye simu. Hata hapo mwanga wa skrini peke yake ni hafifu: banika tochi yenye karatasi ya kuokea mbele yake karibu na simu, nje ya fremu.

Umefaulu kama ukiipunguza picha hadi ukubwa wa stempu bado unatambua ni uso wa nani na anatazama wapi.

## Hatua ya 5: Korido na dirisha

Picha ya mlango ulio wazi kidogo ni rahisi. Weka balbu ya manjano koridoni, mita 3 nyuma ya mlango, na chumba kiwe giza. Kamera ikae ndani. Ule ufa wa mwanga ukishuka sakafuni utafanya kazi yote. Binti akisimama hapo atakuwa umbo jeusi tupu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: sekunde chache tusiwe na hakika kama ni yeye.

Dirisha linahitaji uangalifu zaidi. Nondo za madirisha yetu ni zawadi kwa filamu ya taharuki, kwa sababu kivuli chake ukutani kinamfungia mwigizaji kwenye kizimba bila mtu kusema neno. Ili mistari iwe mikali, chanzo kiwe kidogo na kikae mbali: tochi au balbu tupu ya 6500K, mita 4 au 5 nje ya dirisha. Ukiisogeza karibu au ukiweka shuka mbele yake, mistari inayeyuka. Chumba kikiwa ghorofani, kata nondo za kuigiza kwenye boksi na uzishike kati ya taa na ukuta, humohumo ndani.

## Hatua ya 6: Chandarua

Chandarua kikiangazwa kutoka mbele hugeuka ukuta mweupe, na kilichomo ndani hakionekani. Kikikosa mwanga wa mbele na kupata mwanga wa nyuma, kila kilichomo ndani kinakuwa kivuli cheusi juu ya kitambaa kinachong'aa. Kitambaa kilekile kinaficha na kufichua, na unachobadilisha ni taa tu.

Ipangeni hivi. Kitanda kiwe kati ya kamera na dirisha. Mtu wa ndani aketi akiwa ameinama kidogo, mwili wake karibu na upande wa chandarua unaoikabili kamera, kama sentimita 20 au 30, kwa sababu akirudi nyuma mipaka ya kivuli hupanuka na kufifia. Nyuma yake, mita 2 hadi 3, wekeni balbu tupu ya 6500K, ikiwaka lakini imefunikwa kwa boksi. Ichukueni kama taa ya ulinzi ya nje.

Binti anaingia na tochi ya simu. Inagonga chandarua, tunaona weupe tu, anapitisha. Anageuka mezani kuweka begi, na tochi inageuka naye. Chandarua kinabaki giza nyuma yake, nje kidogo ya fokasi. Hapo mtu wa taa anaondoa taratibu boksi lililokuwa limefunika balbu ya nyuma. Kivuli cha mtu aliyeketi kinajitokeza polepole, na binti amempa mgongo. Mtazamaji anaona kabla yake, na sekunde zile kati ya kuona kwetu na kuona kwake ndizo taharuki yenyewe. Msizifupishe. Hesabuni mpaka tano kimoyomoyo kabla hajageuka.

Chandarua cheupe kinafaa kuliko cha bluu, ambacho hula mwanga. Kinyoosheni, maana mikunjo hukata kivuli vipandevipande. Na onyo ambalo sitalilegeza: vyandarua vingi ni vya nyuzi za plastiki. Mshumaa, koroboi au taa ya halojeni visikaribie kabisa.

Umefaulu kama mtu ambaye hajasoma skripti anashtuka akitazama skrini ndogo ya simu, bila muziki.

## Hatua ya 7: Mwanga unaobadilika

Umeme kukatika ni tukio ambalo kila mtazamaji wetu analijua mwilini, hivyo litumieni mara moja tu kwenye filamu. Taa ya korido izimwe, lakini ule mwanga wa bluu wa dirishani ubaki: mwanzo ulijifanya taa ya ulinzi, sasa uiteni mbalamwezi. Mkizima vyote mtarudi kwenye kijivu cha mwanzo.

Kama mnataka taa ififie, msitumie swichi ya kupunguza mwanga kwa balbu ya LED ya kawaida, kwani nyingi hupepesa vibaya. Pitisheni boksi polepole mbele yake. Taa ya bodaboda inayopita nje? Mtu atembee na tochi kutoka pembe moja ya dirisha hadi nyingine kwa mwendo uleule, asisite katikati.

## Hatua ya 8: Linda muendelezo

Bandika utepe wa gundi wa karatasi sakafuni pale kila taa iliposimama, na upige picha ya chumba kizima kabla ya kuhamisha chochote. Rekodi picha zote zinazotazama mlangoni kwanza, ndipo mgeukie dirishani. Mkirukaruka, kivuli cha binti kitakuwa kushoto kwenye picha moja na kulia kwenye inayofuata.

## Kama sini iko nje

Msisubiri usiku wa manane. Rekodini mara jua linapozama, mbingu ikiwa bado na bluu. Karibu na ikweta muda huo ni mfupi, kama dakika 20 na ushee tu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo muwe mmeshapanga kamera na kufanya mazoezi kufikia saa 11 na nusu, na mtarajie picha mbili au tatu, si sini nzima. Mwagieni maji barabara au uwanja, na taa ikae nyuma ya mwigizaji. Ardhi kavu hula mwanga, ile yenye maji huurudisha.

## Kuhariri na kuonyesha

Rekodi ikiwa na mwanga kidogo zaidi ya unaotaka kuuona mwishoni, halafu shusha weusi wakati wa kuhariri. Kushusha hakuharibu. Kuinua giza lililorekodiwa kutakuletea chenga zote ulizozikimbia.

Kisha fikirieni mahali filamu itakapoonyeshwa. Ukumbi wa chuo wenye projekta na mapazia mepesi hauna weusi, kwa kuwa mwanga wa madirishani unaangukia skrini na kila kivuli kinapauka. Filamu iliyoonekana nzuri kwenye simu yenye skrini angavu inaweza kupotea kabisa pale. Siku mbili kabla, nendeni ukumbini saa ileile ya onyesho na muicheze sini ya chandarua. Mmoja akae kiti cha nyuma kabisa. Kama haoni kivuli, inueni kidogo mwanga wa katikati (sehemu zisizo nyeusi wala nyeupe kabisa) kwenye programu ya kuhariri, weusi uachwe ulivyo, kisha mtoe nakala ya pili kwa ajili ya ukumbi na mbakize ile ya kwanza kwa watakaotazama kwenye simu.